Dalali, Dereva na Kuku wa Mama

Nyumba yangu ya Moshono ilipopata bati na milango, watu wa kanisani walianza kuniuliza nahamia lini, nami nikawa nawajibu "karibuni tu" kwa sauti ya mtu anayeficha jambo. Jambo lenyewe lilikuwa mama. Nimeishi naye Levolosi, katikati ya mji, kwa miaka mingi, vyumba viwili vya kupanga, ua mmoja na wapangaji wengine, bomba moja, na kamba za nguo zinazogombaniwa kila Jumamosi. Mimi ule ua ulinichosha zamani. Mama anaupenda. Anajua nani amekohoa, nani ameunguza maharage, na mtoto wa nani amerudi shule bila sweta. Ukimtoa pale unamtoa kwenye redio yake.

Kwetu, upande wa magharibi wa Mlima Meru, mtoto hamwendei mzazi moja kwa moja na jambo zito. Unatafuta mtu wa katikati. Iwe ni posa, iwe ni kugawa shamba, iwe ni kuuza ng'ombe wa familia, unamtuma mjomba au mzee wa ukoo akaseme kwa niaba yako, na mzazi hujibu kwa kupitia mdomo uleule. Ni adabu, na inaepusha watu kutoleana maneno makali. Basi nikamtuma mjomba, kaka yake mama. Alikuja Jumapili baada ya ibada, akanywa chai yangu ya maziwa, akala maandazi yangu, wakafunga mlango wakaongea Kiarusha huku mimi niko nje kwenye cherehani nikijifanya nashona. Sindano ilipita palepale mpaka kitambaa kikatoboka.

Mjomba alitoka na jibu. Mama amekubali kuhama, ila kuku wake ameatamia. Kuku akifika salama Moshono akaendelea kulalia mayai yake, mama atakaa. Akiyasusa, basi hiyo ni dalili ya kwamba mahali hapafai, na mama atarudi kwao Oldonyo Sambu akaishi na dada yake.

Nilicheka. Nilipomtazama mjomba nikaona yeye hacheki, nikaacha.

Hebu nieleze kidogo ili nisionekane mtu wa kuhangaikia kuku. Mume wangu alishatangulia mbele za haki. Watoto wangu wawili wako vyuoni mikoani, wanarudi likizo na nguo chafu. Nyumba ile ya Moshono niliijenga tofali kwa tofali kwa pesa ya kushona sare na nguo za harusi, na kila nilipoweka tofali nilikuwa namwona mama ameketi barazani. Kuingia mle peke yangu, nisikie mwangwi wa sufuria zangu mwenyewe, hapana. Nilikuwa naogopa. Kwa hiyo kuku yule, kishingo mweusi mwenye jicho la dharau, nilianza kumsalimia asubuhi.

Mama alitoa masharti ya kuhamisha, safari hii kwa mdomo wake mwenyewe. Kuku aliyeatamia hahamishwi mchana. Anahamishwa jua likishazama, macho yake yakiwa yameanza kulegea, ndani ya tenga lake, na majani yaleyale aliyokuwa akiyalalia, amefunikwa nguo. Asipakiwe nyuma na makabati. Akae mbele, mapajani kwa mama, na gari lisirukeruke kwenye mashimo.

Nikaenda kutafuta gari. Mtaani kwetu kuna kijiwe ambapo Kenta na vile vigari vidogo tunavyoviita kirikuu vinaegeshwa pembeni ya duka la vifaa vya ujenzi, na kwenye benchi hukaa mwanamume wa makamo mwenye kofia ya kapelo na simu mbili. Kila mtu anamjua. Ukisimama tu anakuvuta kiti.

"Karibu dada. Unahama?"

"Nahama. Naenda Moshono."

"Imeisha hiyo. Gari yangu ni Kenta, ina turubai, vijana wangu wana adabu, hawavunji hata kikombe."

Nilimpenda papo hapo. Nikammwagia mambo yote: Jumamosi, jioni, jua likizama, friji isimame wima isilazwe, vioo vya kabati vifungwe blanketi, mbele pabaki wazi kwa ajili ya mama na kuku aliyeatamia. Yule bwana hakucheka. Alinirudishia maneno yangu yote moja moja, na akauliza kuku ni wa rangi gani. Mtu anayeuliza rangi ya kuku, nikajiambia, huyu ni mtu makini. Tukakubaliana bei, nikarudi nyumbani nimejaa sifa. Nilimwambia mama kwamba nimepata mwenye gari muungwana kweli. Mama akauliza kama nimeliona hilo gari. Nikamwambia, mama naye, gari la nini tena, nimemwona mwenyewe.

Jumamosi asubuhi nilikuwa bado na mswaki mdomoni, kabati halijafungwa kamba hata moja, nikasikia honi getini. Honi ile ya mtu mwenye haraka. Nikatoka, nikakuta Kenta imeziba njia, dereva yuko kwenye usukani, na wabebaji wawili watu wazima wameshashuka wanakunja mikono ya mashati.

"Shikamoo mama. Mzigo uko wapi?"

"Marahaba. Mzigo gani? Mimi nahama jioni."

"Nimeambiwa asubuhi."

"Na kuku?"

Dereva aliwatazama wenzake. "Kuku gani?"

Mori ulinipanda. Mimi sijaumbwa kwa uvumilivu, mama husema nilizaliwa miezi haijatimia kwa sababu ya kukosa subira. Nikachukua simu nikampigia bwana wa kofia, nikaweka sauti ya nje ili ua mzima usikie, na ua mzima ulikuwa umeshajaa mlangoni.

"Dada! Gari yangu imefika?" akasema kwa furaha.

"Imefika. Nikuulize kitu kimoja tu. Gari yako ina rangi gani?"

Akakohoa kidogo.

"Si ile nyeupe?"

"Ni ya bluu."

"Eee, bluu. Ile bluu iliyopauka. Ukiitazama kwa mbali unaona nyeupe."

Haikuwa imepauka hata kidogo, ilikuwa bluu ya kung'aa. Wabebaji walishikana mabega kwa kicheko, na jirani mmoja akalazimika kuketi kwenye ndoo. Mimi nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikakata simu.

Dereva alishuka akaegemea mlango. Alikuwa Mmeru wa Tengeru, mtu wa maneno machache, naye hakuwa na furaha. "Yule si mwenye gari, mama. Ni dalali," akasema. "Hana gari. Alimpigia dalali mwenzake wa Elerai, yule wa Elerai akampigia tajiri wangu mwenye gari, tajiri akanipigia mimi. Mpaka habari inanifikia imebaki Levolosi, Jumamosi asubuhi, vyombo vya nyumba."

"Na jioni yangu?"

"Labda ilibaki Elerai."

Na kuku, nadhani, aliteremka hata kabla ya hapo. Nilisimama pale nikijaribu kuelewa kitu ambacho ningepaswa kukijua, mimi niliyezaliwa mji huu. Nilikuwa nimempa maelekezo yangu mtu asiyebeba. Yeye kazi yake ni kujua nani ana gari leo na nani ana mzigo leo, awakutanishe, basi. Na ni kazi, sikatai. Peke yangu ningezunguka mji mzima nisipate Kenta ya Jumamosi, maana Jumamosi zote zinakodiwa na harusi. Lakini anaposema "gari yangu" anasema kama mimi ninavyosema "kanisa langu". Hakuna anayedhani nimelijenga. Mbebaji ni yule ambaye friji ikianguka itamwangukia mguuni. Maneno ya friji ilibidi yamfikie huyo, na hayakumfikia.

Basi nikamwambia dereva arudi jioni. Akatikisa kichwa. Jioni alikuwa na ndizi za kupeleka sokoni kutoka Tengeru, amekwishaahidi. Ni sasa hivi au ni wiki ijayo, na vyumba vyangu vilishapata mpangaji mwingine, ambaye godoro lake lilikuwa tayari limesimamishwa ukutani kwetu tangu jana.

Nikaenda jikoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na tenga, mkono mmoja juu ya kifuniko, na alikuwa amesikia kila kitu kwa sababu Levolosi hakuna ukuta wa kuzuia sauti.

"Kuku haondoki mchana," akasema.

"Mama, gari limekuja sasa."

"Liende."

Nilirudi kwa dereva nikamwambia mama amekataa. Nikarudi kwa mama nikamwambia dereva hawezi. Nikarudi tena. Safari ya tatu, dereva alinisimamisha kwa mkono. "Samahani mama," akasema, "naomba niongee naye mwenyewe."

Akavua kofia, akainama mlangoni kwa sababu mlango wa jikoni kwetu ni mfupi. "Takwenya, koko," akamsalimia kama bibi yake, kwa Kimaasai cha sokoni.

"Iko," mama akajibu, na nikaona uso wake umelegea. Si kila siku Mmeru anajisumbua kusalimia kwa lugha inayofanana na yetu.

Dereva alichuchumaa akamtazama kuku, kuku naye akamtazama kwa lile jicho lake. Hakusifu, hakushauri. Alisema tu kwamba sasa angepeleka vyombo Moshono, kisha angekwenda Tengeru kupakia ndizi, na akishashusha kwenye soko la Kilombero la hapa mjini jua litakuwa linazama, na kutoka pale mpaka Levolosi ni karibu. Angempitia koko na kuku wake, gari likiwa tupu, taratibu.

Mama alifikiri. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Utakuja wewe, au utatuma mtu?"

"Nitakuja mimi mwenyewe, koko."

"Haya. Pakieni vyombo."

Ndivyo ilivyoisha. Dalali alikuwa na maneno mengi na nilimwamini. Huyu alisema sentensi mbili na mama akafungua mlango. Wabebaji waliingia, na ua mzima nao ukaingia kubeba, hata wale niliokuwa nikigombana nao juu ya kamba za nguo. Yule jirani wa ndoo alibeba cherehani yangu kichwani akiimba pambio. Friji ilisimama wima kwa sababu nilikaa nyuma nimeikumbatia mpaka Moshono, na mvua ya rasharasha ikatukuta njiani, na turubai, lile lililosifiwa sana, halikuwepo. Nilifika nimelowa huku nacheka peke yangu.

Tuliteremsha vyombo, dereva akaandika namba yake kwenye simu yangu, akaondoka. Nikabaki na masanduku. Nilipanga vikombe, nikavipangua. Nilifunga mapazia, moja likiwa limegeuzwa nje ndani, na mimi ndiye fundi. Mlima ulikuwa umefunikwa mawingu mpaka chini. Kila gari lililopita lilinitoa nje.

Jua likaanza kushuka. Simu ikalia, nikairukia. Alikuwa bwana wa kofia.

"Dada, za kuhama? Kuku amefika? Yule mweusi wa shingo tupu. Uliweka majani yake yaleyale? Alikaa mbele?"

Alikumbuka kila kitu! Kila neno nililomwambia kwenye benchi alikuwa nalo kichwani, safi kabisa. Kitu pekee alichosahau ni kumwambia mtu mwingine. Nilifungua mdomo nimtukane, kikatoka kicheko.

"Hajafika bado," nikasema. "Dereva sijui amefikia wapi."

"Usijali, naulizia."

Akakata. Baada ya muda akapiga tena. "Wa Elerai anasema tajiri anasema dereva yuko njiani." Nikamshukuru, na nilipokuwa narudisha simu mfukoni ndipo nikakumbuka kwamba namba ya dereva ninayo mimi mwenyewe, humo humo kwenye simu. Mazoea ni ugonjwa. Nikampigia dereva. Iliita mpaka ikakata. Nikajiambia anaendesha. Nikajiambia gari limeharibika. Nikamwona mama ameketi kwenye chumba kitupu cha Levolosi, na godoro la mtu mwingine ukutani, akisubiri. Nilisimama getini na khanga imelowa, na niliogopa kweli, si kuhusu kuku. Niliogopa kwamba mama angechoka kusubiri akampigia dada yake.

Taa mbili zikakata kona pale chini, taratibu, zikikwepa shimo moja baada ya jingine. Nilijua kabla sijaona rangi. Kenta ilinuka ndizi. Mama alikuwa ameketi mbele amenyooka, tenga mapajani limefunikwa shuka nyekundu, na dereva akateremka akazunguka kumfungulia mlango. Walikuwa katikati ya mazungumzo juu ya bei ya majani ya ng'ombe, na mama alimalizia sentensi yake kwanza kabla ya kushuka.

"Umechelewa," nikamwambia dereva, kwa sababu nilikuwa nimeshikwa na furaha na sikuwa na neno jingine.

"Koko alisema twende polepole."

Tuliliweka tenga stoo, pembeni, gizani. Kuku akajitikisa, akazunguka mara moja juu ya mayai, akaketi. Mama akashusha pumzi, nami nikashusha yangu. Dereva akanywa chai amesimama, akaaga. Mama alitandika mkeka palepale mlangoni pa stoo, begi lake la safari likiwa limefungwa zipu kando yake, akasema angelala hapo amwangalie. Sikubishana. Mimi nilikwenda kulala katika chumba changu kipya na sikulala.

Asubuhi nilimkuta kuku uani. Hakuwa ametoka kidogo kujisaidia na kunywa maji kama wafanyavyo kuku walioatamia. Alikuwa ametoka kabisa. Udongo wa Moshono baada ya mvua ni mlaini, umejaa minyoo, na mwanamke yule alikuwa anachakura kwa miguu yote miwili, mbawa wazi, ameshaharibu kona ambayo nilikusudia kupanda maua. Nikakimbilia stoo, nikagusa mayai. Yalikuwa ya baridi.

Nilivua khanga ya begani nikaanza kumkimbiza. Nilimkimbiza kuzunguka tanki la maji, nikamkimbiza nyuma ya choo, nikateleza, nikainuka, nikamwita kwa majina mazuri na kwa majina mabaya. Alikuwa akiniacha nimkaribie, kisha anaruka. Nilipogeuka mara ya mwisho, nikihema, magoti yote matope, mama alikuwa amesimama barazani amejifunika shuka yake, na alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Mwache, mwanangu. Kuku akishasusa amesusa."

"Mama, usiondoke," nikasema. "Ngoja kwanza nimwite mjomba, aje muongee..."

"Mjomba wa nini?" Kicheko kilikatika. "Mjomba wako alikuja na maneno yako, nikampa maneno ya kurudi nayo. Ningemwambia nini kingine? Ningemwambia kaka yangu kwamba naogopa kuwa mgeni nyumbani kwa mtoto wangu? Nikamwambia kuku. Wewe mwenyewe hujaniuliza kitu tangu ulipoweka msingi."

Nilibaki na khanga mkononi. Jirani mpya, ambaye sikumjua hata jina, alikuwa anapita na ndoo, akapunguza mwendo. Sikujali. Sikuwahi kumwuliza mama jambo kubwa uso kwa uso maishani mwangu, hata nilipoolewa alitumwa mtu.

"Mama, utakaa na mimi hapa?"

Alimtazama kuku, akatazama mlima ambao ulikuwa umeanza kufunuka kileleni, akanitazama mimi na matope yangu.

"Nitakaa," akasema. Kisha akainama akaokota begi lake. "Haya, nionyeshe chumba changu. Tangu jana hakuna aliyeniambia ni kipi."

Chumba nilikuwa nimekijenga kwa ajili yake, chenye dirisha kubwa kuliko yote, na kweli sikuwa nimemwambia. Nilijifuta mikono kwenye gauni, nikampokea begi, nikamtangulia.